Ufunguo Ataushika Urmila

Patan,
Jumanne, katikati ya mwezi wa Mangsir

Mdogo wangu Keshari,

Pokea salamu za dada yako anayekupenda hata unapomchosha. Natumaini goti lako la kushoto limepunguza kelele, na kwamba lile kopo la achari ya figili limekufikia likiwa limejaa, maana dereva wa basi la kwenu Tansen, huko Palpa, alilinusa mbele yangu na sikumpenda macho yake. Nieleze pia kama paa la jikoni kwako limezibwa au bado mnapikia chini ya mwavuli.

Huku tu wazima. Baridi imeingia, na ukungu hautoki uani mpaka saa nne. Mimi nakula, nalala, nagombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mjomba naye mzima, ingawa najua hukumuulizia. Jana amekula kipande kizima cha kamba wa baharini, akapanda kioo mpaka juu, na tangu hapo amekaa pale kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima.

Barua yako ilifika Ijumaa. Sasa nikukumbushe jambo ambalo naona limekutoka kichwani: mimi sijui kusoma. Baba alikupeleka wewe shule miaka mitatu kwa kuwa ulikuwa mdogo na hukufaa kusugua vyombo, mimi nikabaki uani na majivu na ndimu, nasugua shaba mpaka kucha zikawa kijani. Ulidhani barua yako atanisomea nani? Mwanangu mkubwa Panchalal anarudi kutoka dukani amechoka kama punda. Mkewe Chandravati ana miwani iliyovunjika mkono tangu sikukuu. Aliyenisomea ni Urmila. Naam, mke wa kitindamimba wangu Sujan, Urmila huyohuyo uliyemwandika.

Alikaa mkekani mbele yangu, akafungua bahasha kwa pini ya nywele, akasoma yote. Alisoma kwamba nyumba yangu imeingiwa na mkosi. Alisoma kwamba mwanamke aliyekaa miaka sita bila mtoto na ambaye kila anachokishika kinakufa asiruhusiwe hata kusogelea sherehe yangu. Alisoma kwamba pale mtaani kwenu yupo binti wa fundi wa magudulia, ana mkono mwema na nyonga pana, na kwamba Sujan akirudi likizo kutoka Doha amwone. Alisoma haya yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma bei za mboga. Picha ya yule binti ikaanguka kutoka kwenye bahasha. Akaiokota, akaifuta kwa ncha ya sari, akaitazama, akaniambia, "Ana macho mazuri, Mama." Kisha akaniuliza kama amalizie ukurasa wa pili au aniletee chai kwanza.

Nilimwambia amalizie. Na barua hii ninayokujibu anaiandika yeye pia, neno kwa neno kama ninavyosema, nimemkataza kulainisha. Kwa hiyo kila utakachosoma kimepita mkononi mwake. Ona aibu kidogo, kisha uendelee kusoma.

Umeniandikia kwamba mwanamke wa umri wangu angekuwa anahesabu shanga za sala, si miguu ya mdudu wa baharini. Kwanza, si mdudu. Pili, miguu yake haihesabiki, nimejaribu. Kwa juu unamwona ana mikono mitano tu, mnene, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na vinundu vyeusi vimepangwa mgongoni kama mtu amempachika karafuu. Lakini akipanda kioo ukamtazama kwa chini, ana vijiguu mia kwa mia, vyembamba kama tambi za mchele, na kila kimoja kinajua kinakokwenda. Watu wa pwani wanamwita kiti cha pweza. Mimi nilimwita Mjomba, kwa sababu anakuja polepole, haongei, anakula sana, na akishakaa mahali huwezi kumwondoa bila ugomvi. Wewe unamkumbuka mjomba wetu wa Bhaktapur, kwa hiyo usijifanye hujacheka.

Halafu unasema kiumbe wa baharini ananajisi nyumba. Keshari, katika baraka zetu tunampa mtu nini mkononi? Yai, nyama na samaki mkavu, na pombe ya mchele juu yake. Samaki mkavu hanajisi, ila huyu aliye hai ananajisi? Kuhani wetu mwenyewe alikuja, akainama mbele ya kioo, akatazama jinsi Mjomba anavyokula. Unajua anavyokula? Anatoa tumbo lake nje, analiweka juu ya chakula, akishamaliza analirudisha ndani. Kuhani alitazama mpaka mwisho, kisha akaomba kiti.

Na lile la kwamba mjane asijitokeze sana, ungemwambia mtu mwingine. Mimi na wewe tuliozwa kwa tunda la beli siku moja, kama wasichana wadogo wote wa kwetu, katika ua wa Mama, wewe ukilia kwa sababu nyuzi tulizofungwa zilikuwasha. Tunda langu lipo kwenye sanduku, kavu, zima, halijapata ufa. Shemeji yako alikufa, Mungu amweke pema, nilimlilia na bado namlilia, lakini mume wangu wa kwanza yumo sandukuni na sijawa mjane hata siku moja. Mama alitufunza hivyo. Huko Palpa mmesahau?

Sasa nikueleze habari yenyewe kwa mpangilio, maana uliyoyasikia yamepita midomo mingi na kila mdomo umetia chumvi yake.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Sujan alikuja likizo. Yeye ni mpishi kwenye hoteli ya Doha, na kila akipiga simu alikuwa ananionyesha bahari. Mimi nilikuwa namwambia kwamba naona maji tu, hayana ukingo, na kwamba kitu kisicho na ukingo kinanitia kizunguzungu. Akacheka, akasema, "Mama, wewe hutafika baharini. Nitakuletea kiasi chake." Nilidhani mzaha. Akaja na tangi la kioo refu kama jeneza la mtu mzima, akaliweka ghorofa ya chini, katika karakana ya baba yake, kwa kuwa sakafu za juu zisingebeba ule uzito. Akaikwangua karakana, akasakafia upya, akapaka chokaa. Akaleta chumvi ya ndoo, mashine ya kupuliza hewa, taa, na chuma cha kupashia maji joto. Na kile kipimo cha chumvi chenye sindano, kwa kuwa mimi tarakimu sizijui, alichukua rangi ya kucha ya Urmila akapiga alama nyekundu. Sindano ikilala kwenye wekundu, bahari ni nzima. Ikitoka kwenye wekundu, bahari inaumwa. Hilo hata mimi naliweza.

Mwisho akamleta Mjomba wa kwanza ndani ya mfuko wa maji, kutoka kwa Bwana Gurung mwenye duka la samaki. Akamkabidhi Urmila mbele yetu sote. Akamwonya asimtoe nje ya maji hata kidogo, kwa kuwa hewa ikimwingia inamuua, na maji yakipungua kiooni aongeze yale tu ya madumu ya bluu yanayoletwa na Bwana Gurung. Akaondoka. Mkewe akabaki na bahari yake.

Urmila alimtunza vizuri. Sisemi hivi kwa kuwa anaandika yeye, nilimwona. Binti wa wakulima, amezoea kuamka kutazama kilichoota. Alikuwa anamlisha kwa kijiti, anafuta kioo, anampigia Sujan picha. Mwezi wa tisa baada ya Sujan kuondoka, Mjomba akaanza kulegea. Ncha za mikono zikajikunja juu. Kukatokea madoa meupe. Siku ya tatu mkono mmoja ukakatika, ukatembea peke yake chini kwenye mchanga, Keshari, ulitembea, na Urmila akiwa amepiga magoti pale anautazama. Siku ya nne alibaki uji tu. Chandravati alisema atupwe jalalani na maganda. Urmila alimfunga kwenye kitambaa chake cha sala akamzika kwenye chungu cha mrehani.

Tukamwita Bwana Gurung. Akachota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa, maji yakageuka rangi. Akatuangalia, akauliza, "Samahani, katika nyumba hii kuna shaba?"

Tulicheka mpaka Panchalal akakaa chini. Kumuuliza mtu wa ukoo wa Tamrakar kama nyumbani kwake kuna shaba! Vizazi kumi na mmoja vya kupiga nyundo. Tunapikia shaba, tunaogea shaba, tunamwogesha mungu kwa shaba, jina letu lenyewe ni shaba. Bwana Gurung hakucheka. Akasema kwamba shaba kidogo sana, isiyoonekana, isiyo na ladha, ikiingia kwenye maji ya kiumbe huyu inamuua. Samaki anaweza kustahimili. Huyu hawezi. Akauliza nani alitia mkono.

Na hapo ndipo Chandravati aliposema, bila hata kufikiri, kwamba ni huyu msichana wa wakulima, ananawa kwenye beseni la shaba kisha anaingiza mikono yake humo. Urmila akasema hanawi kwenye beseni lile. Chandravati akasema, "Basi labda mkono wenyewe ndio sumu." Ndivyo neno hilo lilivyozaliwa, Keshari. Lilizaliwa karakanani kwa mume wangu, mbele yangu, na mchana huohuo lilikuwa limeshafika kisimani.

Tangu siku hiyo Urmila hakuruhusiwa kukanda achari, kwa kuwa itaoza. Hakuruhusiwa kufinyanga maandazi ya mavuno. Watoto wa Panchalal waliambiwa wasipokee kutoka kwake tika, ile alama ya baraka, kwenye kipaji cha uso. Na siku ya kuabudu nafsi, ile ya kila mtu kukaa mbele ya duara lake sakafuni, Chandravati ndiye aliyechora maduara. Alichora langu mbele, la Panchalal, lake, ya watoto, ya wageni, na la Urmila akalichora mlangoni, karibu na viatu. Tulikuwa watu kumi na tisa katika jiko lile. Urmila alikaa penye viatu, akawasha utambi wake, akala.

Sujan naye alipiga simu akamuuliza mkewe amefanya nini. Urmila akasema hajui. Baada ya hapo simu zikawa fupi. Nikisikiliza ngazini nasikia, "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Watu waliokaa mbali miaka sita wanaagana kama wapita njia.

Mwezi mmoja baada ya siku ile ya maduara nilichukua gudulia kubwa la shaba la shemeji yako, lile alilolipiga kwa mkono wake mwaka wa ndoa yetu, lenye maua ya lotasi shingoni, nikaliweka kwenye teksi nikaenda nalo dukani kwa Bwana Gurung. Kweli umesikia. Nililitoa kwa muuza samaki nikapewa Mjomba mwingine, na mchanga mpya na mawe mapya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeshakunywa shaba. Bwana Gurung masikini alinipokea kwa mikono miwili, kisha alipokumbuka gudulia ni la nini akapiga ukelele, akalikimbiza nje akalifunga kwenye pikipiki, mbali na samaki wake. Na ni kweli pia kwamba nilitoa shaba yote ghorofa ya chini, hata nyundo, hata fuawe, nikaipandisha darini. Panchalal alinikasirikia siku tisa. Alisema nimemfukuza baba yake nyumbani. Nilimwambia baba yake anakaa kifuani kwangu, hana haja ya rafu. Sasa hivi ninateka maji kwa kopo la plastiki la kijani, na wake za mafundi wakinipitia mlangoni wanageuza uso kama wameniona uchi. Wageuze tu, shingo zao hizo.

Huyu Mjomba wa pili nimemtunza mimi. Bwana Gurung alipomleta hakummwaga tu kwenye kioo. Alining'iniza mfuko, akaweka mpira mwembamba, akaacha maji ya kwetu yamwingie tone, tone, tone, muda ambao ningechemsha maharage mara mbili. Nilimuuliza kwa nini hamalizi. Akasema ukimbadilishia maji ghafla anakufa, hata kama maji mapya ni mazuri kuliko ya kwao. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama lile tone na nikamfikiria Urmila alivyoletwa hapa, ana miaka ishirini na mbili, binti wa mashamba ya Khokana. Asubuhi tulimpa salamu, mchana tukamkosoa anavyosugua, jioni tukamcheka anavyosema. Yeye hatukumdondoshea. Tulimmwaga mara moja.

Mjomba ana mwaka mmoja sasa. Hajatoa hata doa. Ila Urmila hajatia mkono kwenye maji yale tangu siku ile. Nikimwita anisaidie, anasimama mlangoni pa karakana, mikono ameikunja ndani ya shali.

Haya, na sasa sherehe. Baada ya siku kumi na mbili nitatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Watoto na wajukuu wataniketisha kwenye gari la mbao, watanivuta kuzunguka mtaa, watanirushia bisi za mchele na maua, na kuanzia hapo mimi si mtu wa kawaida tena, ni wa kuabudiwa. Nikirudi mlangoni, mwanamke wa nyumba hii atashika ncha moja ya ufunguo, mimi nitashika ncha nyingine, atamwaga maji mbele ya miguu yangu na kunivuta ndani. Wote wanasema ni Chandravati, mkwe mkubwa, ndiyo desturi. Mimi nimesema ni Urmila. Panchalal alinijibu kwamba Mama, haiwezekani, watu watasema nini. Nikamwambia kwamba siku hiyo mimi ni mungu, na mungu anachagua nani amfungulie. Akasema bado siku kumi na mbili. Nikamwambia basi aanze kuzoea mapema.

Umeniandikia kwamba ikiwa Urmila atashika ufunguo, wewe hutakuja. Nilisikia. Sasa sikiliza kwa nini ataushika, halafu uamue. Na wewe Urmila, andika. Usinyanyue kichwa, andika kama ninavyosema.

Keshari, shaba ile niliitia mimi.

Unajua ninavyoamka. Kabla ya mtu yeyote, kabla ya kunguru. Lile gudulia la shemeji yako lilikuwa linalala limejaa maji, na asubuhi nakunywa, namwagia mrehani, nampa mungu. Miaka hamsini na saba nimefanya hivyo na sijawahi kuumwa tumbo. Sasa nikamwona Mjomba wa kwanza mle ndani, mgeni, ametoka mbali, kwao hapaonekani hata ukipanda juu ya paa, na maji yake yanapungua kila siku. Na anaongezewa nini? Maji ya madumu ya bluu. Maji yaliyofungiwa kwenye plastiki, hayajaona jua wala chombo cha maana. Nani humpa mgeni maji kama hayo? Mimi nilimpa maji ya shaba, kama ninavyompa mungu. Jagi moja kila asubuhi, Urmila akiwa bado amelala. Nilikuwa nayamimina taratibu pembeni ili nisimshtue, na nilikuwa namwambia karibu. Nilifanya hivyo siku kama ishirini, mpaka alipolegea. Nilimuua kwa heshima.

Bwana Gurung alipouliza nani alitia mkono, nilijua palepale. Kabla maji ya kichupa hayajamaliza kugeuka nilijua. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, nikiwa peke yangu na Urmila. Kesho ikawa kesho. Nilijiambia ni mdudu tu, maneno yataisha. Na siku ile ya maduara, niliketi mbele kabisa, nikamwona amekaa penye viatu, na mdomo huu ambao wauza mboga wa Mangal Bazaar wanauogopa ukajazwa wali na ukatafuna. Mimi ambaye simwogopi mtu niliogopa kusema kwamba maji ya mume wangu yanaua. Gudulia nililitoa, karakana nikaisafisha, nikadhani nikifanya kazi nyingi za mikono, ulimi utasamehewa. Mwaka mzima mwanamke huyu ameitwa sumu kwa ajili ya jagi langu. Mkono wake hauna kitu. Wangu huu hapa ndio wenye shaba.

Hapa ndipo kalamu iliposimama. Nakwambia ilivyokuwa, sitaki ufikiri aliyaandika haya kama bei za mboga. Alisimama kwenye neno heshima, akaniangalia, nikamwambia aendelee, akaandika mpaka mwisho, herufi zimekuwa kubwa, utaziona mwenyewe. Kisha akaweka kalamu juu ya karatasi, akashuka ngazi. Sikumfuata. Nilikaa hapa na chai yangu mpaka ikafanya utando. Nikausikia mlango wa karakana, kisha mashine ya hewa tu.

Amerudi. Amelowa mpaka viwiko. Ananuka bahari ya Sujan. Nilimuuliza kama Mjomba ni mzima, akasema mzima, amemshika mkono na vile vijiguu vimemng'ang'ania kidole, ilibidi asubiri vimwachie kimoja kimoja.

Nilidhani atalia, au atanigusa miguu na kusema yamepita, kama wakwe wanavyofundishwa. Hakufanya hivyo. Alikaa, akasema, na nimemlazimisha aandike kama alivyosema:

"Mama, mimi niliambiwa sumu mbele ya watu. Niliwekwa penye viatu mbele ya watu kumi na tisa. Wewe unaniambia kwa karatasi inayokwenda Palpa. Huo ufunguo sitaushika."

Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka yasemwe palepale yaliposemwa, kwa sauti ileile ninayowafokea wauza mboga, Chandravati akiwa amesimama na Sujan akiwa amekuja likizo. Nikamwambia kwamba siku ya kuwa mungu mtu hasemi makosa yake, haijawahi kutokea. Akaniambia, "Basi Mama, kuwa mungu bila mimi."

Keshari, miaka sita nimekaa na mtu huyu nikidhani ni mpole.

Nilimtazama vizuri, na nakuapia nilitaka kumbusu na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Kisha nikamwambia aandike hivi, na ndiyo kauli yangu ya mwisho, na Panchalal asome, na kuhani asome, na wewe uwasomee watu wa Tansen ukitaka. Siku ile nitavutwa kuzunguka mtaa mzima. Gari likifika mlangoni sitashuka. Nitawaambia ngoma zinyamaze. Nitasema, mbele ya ukoo na majirani na wake za mafundi wenye shingo za kugeuka, kwamba Asamaya mke wa Jogratna ndiye aliyetia shaba majini, na akakaa kimya mwaka mzima, na akala wali. Nitalisema mara mbili kwa ajili ya viziwi. Anayeona mungu wa namna hiyo hafai kuvutwa, aachie kamba aende zake. Baada ya hapo Urmila atanyoosha ufunguo, au hatanyoosha. Asiponyoosha nitalala nje kwenye gari, na blanketi ninalo.

Ninakutaka uwepo. Huo ni ukweli, pamoja na maneno yako yote. Tumebaki wawili tuliotoka tumbo la Mama, na nikiwa juu ya lile gari nitahitaji uso mmoja wa kutazama ambao ulinijua kabla sijawa kitu. Njoo siku mbili kabla. Utalala chumbani kwangu, goti lako nitalikanda mwenyewe kwa mafuta ya haradali. Ukija, chakula chako atakupakulia Urmila, na utakula. Chandravati nimeshamwita jioni hii, naanza kumwambia yeye, na maduara ya mwaka ujao nitayachora mimi.

Picha ya binti wa watu nairudisha ndani ya bahasha. Hana kosa, na kweli ana macho mazuri. Mtafutieni mume asiye na mke.

Nisalimie mkweo na wale mapacha, waambie bibi yao wa Patan atakuwa mungu na atawaletea peremende. Msalimie na daktari anayekutibu goti, mwambie namtazama. Sisi sote tunakusalimu, na Mjomba kutoka juu ya kioo.

Mimi ni dada yako wa tumbo moja,

Asamaya

Jina hilo ameliandika Urmila. Alama ya bluu iliyo chini yake ni kidole gumba changu. Ikinuka chumvi usishangae, nimeshuka mara moja kumtazama Mjomba kabla ya kutia sahihi, na safari hii tulikuwa wawili.